Pampu ya Katreli ya Baba

Betafo, 20 Aprili 1997

Mdogo wangu Solofo,

Nakusalimu wewe na mkeo Nivo. Sisi huku tupo, ukiondoa baridi iliyokuja mapema mwaka huu kama mgeni asiyejua saa za kula. Viazi vimetoka vikubwa, karoti zimeliwa na panya. Mume wangu bado anakohoa na bado anavuta, basi usinitumie salamu za kumsikitikia. Mama mzima.

Sasa nisikilize. Mama ameota mara tatu ndoto ileile. Baba amekaa ukingoni mwa kitanda, amekumbatia magoti yake, anamwambia, "Nasikia baridi." Mara ya tatu Mama aliamka akaanza kutafuta blanketi la kumfunika. Unajua maana yake, sina haja ya kukufundisha. Nimewaambia wajomba, ukoo umekaa, na kaburi la ukoo litafunguliwa kipupwe hiki, wafu wetu wavishwe sanda mpya. Mnajimu atatupa tarehe. Sanda ya hariri Mama alikwishaiagiza zamani bila kutuambia, ameificha chini ya mchele.

Kwa hiyo Baba arudi nyumbani. Miaka minne ya kulala ugenini huko pwani Mahajanga inatosha. Na aletwe na katreli yake, ile teksi yake kuukuu. Hujayasahau maneno yake, maana ulikuwepo: "Nikifa msinipandishe juu ya basi pamoja na kuku. Nimebeba abiria miaka thelathini, mwisho na mimi niwe abiria ndani ya gari langu." Najua limelala uani kwako tangu siku aliyofariki. Lirudishe kwa fundi. Mama anataka kumvika sanda kwa mikono yake mwenyewe, na macho yake siku hizi yanaona vivuli tu.

Nijibu upesi.

Ni mimi dadako,
Sahondra


Mahajanga, 11 Mei 1997

Dada Sahondra,

Barua yako imefika inanuka vitunguu, nadhani dereva aliikalia pamoja na mzigo wake. Shikamoo yangu mfikishie Mama, na shemeji mwambie tumbaku ya huku ni kali zaidi, aje aijaribu. Mimi mzima. Bado naendesha teksi ya watu, jioni nampelekea mwenyewe hesabu yake, ninachobaki nacho ndicho changu. Habari njema: Nivo ni mjamzito, mwezi wa nne huu. Anakula maembe mabichi kwa chumvi na kunitukana, basi ujue mambo yanakwenda vizuri.

Kuhusu Baba, nakubali kabisa. Kibali cha kumfukua nitakishughulikia mwenyewe manispaa. Lakini Dada, baridi gani hiyo? Amelala kwenye mchanga wa Mahajanga, mahali ambapo hata mjusi anatafuta kivuli! Usinikasirikie, natania.

Kuhusu gari sitanii. Nilimwita fundi Tombo, yule aliyekuwa rafiki yake Baba, akalizunguka mara mbili na tochi. Akanyanyua zulia, akaiona ardhi. Akaniambia, "Mwanangu, hili si gari tena. Hii ni kutu inayokumbuka kwamba iliwahi kuwa gari." Breki zimeganda, matairi yamepasuka yakiwa yamesimama tu, upepo wa chumvi umekula sakafu. Kulitengeneza inawezekana, lakini ni kumvalisha maiti viatu.

Kuna mtu anataka kulinunua avunje spea. Nikiongeza na akiba yangu nitapata gari la mkono wa pili, dogo, lakini linawaka asubuhi ukiligusa. Nivo atajifungua mwezi wa kumi. Nataka siku hiyo niwe na gari linalowaka. Na Baba nitamleta ndani ya hilo hilo, kwa heshima zote, bendera mbele na kila kitu. Hatajali.

Mdogo wako,
Solofo


Betafo, 25 Mei 1997

Solofo,

Hongera kwa Nivo, Mungu amlinde. Mwambie maembe apunguze chumvi, atavimba miguu. Huku umande wa asubuhi umeanza kuganda kwenye majani. Mama mzima. Haya, salamu zimeisha.

Hatajali? Ulimuuliza lini? Nilimsomea Mama barua yako, nikaruka pale pa mjusi, lakini hapo pa "hatajali" sikuwahi kuparuka. Akasema, "Mwambie huyo mtoto gari lile lilimlisha yeye." Basi. Akageukia ukuta.

Na ni kweli. Ulipelekwa shule ndani yake. Mimi niliolewa kwa jasho lake, ingawa Baba mwenyewe siku ya harusi yangu hakutokea. Hilo tuliache. Unataka aingie kwetu ndani ya gari ambalo hakuwahi hata kuligusa usukani? Wale waliolala kaburini watamuuliza, "Umekuja na nani?" Atajibu nini? "Nimepewa lifti"?

Tombo nimemjua kabla yako. Tangu zamani analia kwanza ndipo anafanya kazi. Kutu inaungwa bati, breki zinafunguliwa zinasafishwa. Mwambie aanze na hayo. Injini ya katreli haikuwa na ugonjwa wowote ila pampu ya petroli. Ni pampu tu, Solofo. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Anza kazi.

Dadako,
Sahondra


Mahajanga, 6 Julai 1997

Dada,

Salamu kwa wote. Nivo hajambo, mtoto anacheza tumboni. Joto limepungua, tunalala na shuka.

Najua nimechelewa kujibu. Barua yako nilipofika kwenye ile habari ya pampu niliikunja nikaiweka juu ya kabati, na juu ya kabati imekaa mpaka juzi. Nakuomba usinitajie pampu. Ukitaka tuongee gari, tuongee gari, lakini hilo niachie.

Mnunuzi anakuja Jumamosi ya tarehe 26. Nimekwishampa neno.

Kuna jambo jingine. Dereva wa basi la Antsirabe ameniambia aliwaona pale hospitali mwezi wa tano, wewe umebeba sufuria, Mama yuko kitandani. Nikamwambia, "Umemfananisha, dada yangu ananiandikia Mama mzima." Akanitazama kwa huruma. Dada, umeniandikia "Mama mzima" mara mbili. Mimi ni mtoto wa nani?

Solofo


Betafo, 13 Julai 1997

Mdogo wangu,

Salamu kwenu wawili na huyo wa tatu.

Umenishika. Mama alilazwa siku tisa. Ni kifua, na moyo nao umechoka. Daktari alinitoa nje akaniambia nisiweke mipango ya kipupwe kijacho. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utapanda basi uje mikono mitupu, na mimi sikutaka uje mikono mitupu. Nilitaka uje na Baba. Nisamehe.

Mnajimu ametoa tarehe: Jumamosi, 23 Agosti. Baada ya hapo kaburi halifunguliwi tena kwa miaka saba. Miaka saba Mama hana.

Ameshaniambia anavyotaka. Anataka akae pale njiani kwenye mti wa njiapanda, asikie gari likija. Anasema mlio wa katreli anaujua kati ya magari mia, kwamba miaka yote ile huko Mahajanga alikuwa akiusikia unapinda kona anaweka wali mezani. Macho yake hayatamwonyesha Baba. Masikio ndiyo yaliyobaki.

Usiliuze. Kama umetoa neno, lirudishe, mtu wa spea atapata kutu kwingine. Na kama kuna sababu ambayo huniambii, maana naona ipo, niambie.

Sahondra


Mahajanga, 20 Julai 1997

Dada Sahondra,

Leo sina salamu. Nivo amelala, nimekaa uani, katreli iko mbele yangu.

Utakumbuka ile Februari. Baba aliniambia amekuandikia umnunulie pampu huko Antsirabe uilete kwa basi, kwa sababu hapa ilikuwa haipatikani. Ile ya zamani ikipata moto inakata. Tulikuwa tunaifunga kitambaa chenye maji, tunangoja robo saa ipoe, ndipo gari linawaka tena. Abiria wanatucheka. Baba anacheka nao.

Jumatatu akaniambia, "Solofo, pita stesheni ya mabasi uulize kifurushi cha dadako." Sikwenda. Kulikuwa na mpira ufukweni, timu yetu na ya bandarini. Jioni nikamwambia, "Hakijafika." Jumanne hivyohivyo. Jumatano akaniuliza, "Umeuliza vizuri?" Nikamjibu kwa ukali, Dada, nikamwambia, "Baba, mimi si mtoto." Akasema, "Haya." Sikuwa nimekwenda hata siku moja.

Alhamisi mchana alishikwa na kifua. Nikamweka kiti cha mbele, nikaendesha mimi. Kwenye mlima, kabla ya kanisa, gari likakata. Nikafungua boneti, pampu inachoma vidole. Nikavua shati, nikalilowesha kwenye mtaro, nikalifunga. Baba akiwa ndani ananiambia, "Taratibu, usiiunguze mikono." Nilingoja, Dada. Nilisimama pale nangoja chuma kipoe na baba yangu anakufa. Mwisho nikasimamisha riksho, tukampakia, mimi nasukuma nyuma, mvutaji anakimbia peku kwenye lami ile. Tulipofika getini alikuwa ameshaondoka.

Pampu yako ilikuwa stesheni. Miaka minne najua ilikuwa stesheni, juu ya rafu, na jina langu. Sikuwahi kwenda kuichukua hata baadaye. Stesheni ile siipiti, nazungukia sokoni. Na wewe hukuniuliza kamwe, nikajua umeshajua, umeamua kuninyamazia. Ulipoandika "ni pampu tu" niliona sasa umechoka kunyamaza.

Ndiyo sababu nataka gari hili liondoke uani kwangu. Nivo atatoka hapa kwenda kuzaa, na mimi kila nikilitazama naona boneti imefunguliwa. Mwambie Mama au usimwambie. Utakavyoona.

Solofo


Betafo, 28 Julai 1997

Solofo mdogo wangu, Solofo wa mama yangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama jikoni, halafu nimeisoma nimekaa, halafu nimetoka nje kwenye baridi.

Hapakuwa na kifurushi stesheni.

Soma tena, taratibu. Hata ungekwenda Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano, hata ungelala pale mlangoni, usingekuta kitu. Sikuituma.

Niliinunua. Barua ya Baba ilipofika nilikwenda dukani siku ileile, nikaipata ya mwisho, nikaifungia karatasi ya mafuta. Halafu nikaiweka rafuni. Basi la Jumamosi likaondoka nikilitazama. La Jumanne pia. Nilikuwa na hasira naye. Unajua harusini nilitembea na mjomba, watu wanauliza, "Baba yuko wapi?" Alileta habari kwamba gari limemkatikia Maevatanana, amekaa njiani siku mbili, akarudi. Sikumwamini. Nilisema moyoni, gari la Baba huwa linaharibika siku za wanawe tu. Basi alipoomba pampu nikasema na yeye angoje kidogo. Wiki mbili tu, aone kungoja kulivyo. Nilikuwa na akili gani hata sijui! Mtu anakuomba pampu kwa sababu gari linakata, na wewe umekasirika kwamba alikudanganya gari linakata. Alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, na ushahidi nilikuwa nao mkononi.

Halafu ikaja simu ya maandishi, Baba amekufa.

Miaka minne nimengoja uniulize, "Dada, ile pampu iko wapi?" Hukuuliza. Nikajua umejua, umenihurumia. Kumbe sisi wawili kila mmoja alikuwa anamwogopa mwenzake bure! Ulisema uongo, ndiyo, na uongo ule ni wako, uubebe. Lakini kile kifo ulichokibeba hakikuwa chako. Lala sasa. Mwamshe Nivo umwambie, kisha ulale.

Mama nimemwambia yote, yako na yangu. Alinishika mkono kwa muda mrefu. Akasema, "Baba yenu aliumwa kifua tangu mwaka wa kabla yake. Aliniapisha nisiwaambie." Kisha akasema, "Itume."

Nimempa dereva wa basi la Jumamosi ijayo. Kifurushi cha karatasi ya kahawia, kamba nyeupe, jina lako juu kwa mwandiko wangu. Gari fanya utakavyo, sitakulazimisha tena. Lakini kifurushi kachukue. Nakusihi, kachukue mwenyewe.

Sahondra


Mahajanga, 10 Agosti 1997

Dada Sahondra,

Nakusalimu kwa moyo mweupe, na Mama, na shemeji mvuta tumbaku. Nivo anakusalimu. Alilia, kisha akanipiga mgongoni na mwiko kwa kunyamaza miaka yote hiyo, kisha akanipikia.

Jumatatu nilikwenda stesheni. Nilipofika kona ile miguu ilikataa, nikasimama nikanunua karanga nisizozitaka. Nikaingia. Karani akaniambia, "Hakijafika." Nikatoka. Jumanne nikaenda tena. "Basi limeharibika Ankazobe, hakijafika." Yule karani akashangaa kuona mtu anaambiwa hakijafika na anashukuru. Jumatano nikaenda asubuhi kabla hawajafungua.

Kipo, Dada. Juu ya rafu, karatasi ya kahawia, kamba nyeupe. Niliweka sahihi. Nilikibeba kifuani kwa miguu mpaka nyumbani, sikuweza kupanda gari.

Mnunuzi alichelewa wiki moja, barua yako ikamtangulia, nikamrudisha. Alinitukana, nikamwitikia. Tombo alikuwa ameshaunga sakafu na kufungua breki tangu barua yako ilipofika, akilia kama ulivyosema. Alipoifungua pampu akabonyeza mpira wake kwa kidole gumba akasema, "Bado laini. Nani ameitunza hivi?" Nikamwambia dada yangu. Tuliifunga wawili. Mara ya kwanza gari halikuwaka. Mara ya pili halikuwaka. Tombo akapiga usukani kofi akasema, "Mzee, twende nyumbani, mkeo anakungoja!" Likawaka. Moshi mweusi ukajaza ua, majirani wakatoka na kufunika pua. Tuliliacha linanguruma saa nzima juani, nikaweka mkono juu ya pampu kila baada ya muda. Halikukata.

Kibali nimekipata. Tutamtoa Baba alfajiri ya Jumatano, tarehe 20. Mwambie Mama ahesabu siku tatu, maana nitakwenda taratibu. Kila daraja nitamtangazia Baba tunavuka, roho yake isiachwe nyuma.

Mdogo wako,
Solofo


Betafo, 31 Agosti 1997

Solofo mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Nivo, ambaye sasa nadhani haoni vidole vya miguu yake. Huku tumerudi kwenye ukimya. Wapiga tarumbeta wamekwenda kwa watu wengine, sufuria kubwa nimezirudisha, na mume wangu anasema nyama ya nguruwe hataki kuiona mpaka Krismasi. Mama anakula kidogo. Sikudanganyi tena: anakula kidogo sana.

Uliondoka haraka, hatukupata kukaa. Kuna mambo hukuyaona kwa kuwa ulikuwa kwenye usukani. Mama alikaa pale njiani tangu saa nne asubuhi, blanketi mabegani, magari yanapita, watu wanamwambia, "Huyo ndiye?" Anasema, "Siye." Lilipita lori, akasema siye. Saa nane akainua mkono tukanyamaza sote. Mimi sikusikia kitu. Akasema, "Anapinda kona. Wekeni wali." Tulingoja mpaka nikadhani amechanganyikiwa, ndipo tukaiona bendera.

Siku ya pili, alipomvika sanda, vidole vyake vilikwenda polepole kutoka kichwani mpaka miguuni, akamfunga mafundo bila kukosea hata moja. Mimi nilitaka kuweka ile pampu ya zamani uliyoniletea ndani ya sanda pamoja na tumbaku yake. Mama akaigusa, akauliza ni nini, nikamwambia. Akasema, "Itoe hiyo! Mnataka mume wangu aendelee kutengeneza gari na huko?" Shangazi wote wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikashindwa kunyamaza mpaka wakanishika. Zamu yangu ya kumbeba begani nilimwambia sikioni. Nilimwambia namwamini kuhusu Maevatanana, nimechelewa tu. Alikuwa mwepesi, Solofo. Nilidhani atakuwa mzito.

Mama anakutumia neno kuhusu katreli. Anasema imemaliza kazi iliyobaki, usiifanye kaburi la pili. Iuze huko Mahajanga, ununue lile linalowaka ukiligusa, Nivo akazae kwa amani. Pampu itoe kwanza uihifadhi. Mimi nakubaliana naye.

Jana usiku ameota tena. Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani, nikaogopa, nikamuuliza, "Bado anasikia baridi?" Akasema hapana, ameoga, amevaa koti lake, anakaa mlangoni anasikiliza barabara. Anauliza kama mtoto wake amefika salama.

Sasa wiki imepita na hujaandika. Niandikie leo hiihii ukisoma hapa, ukaitie mwenyewe mkononi mwa dereva. Umefika?

Dadako,
Sahondra